Supu ya Molo na Figo Nililoahidi

Niliondoka Olenguruone kwa sababu nilikuwa nimeahidi figo. Dada yangu mdogo, Rael, ambaye ni mpishi katika nyumba moja ya Milimani mjini Nakuru, alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na madaktari walikuwa wamesema mafigo yake hayatarudi kazini tena. Ukoo ulikutana sebuleni kwangu. Kila mtu alitazama viatu vyake. Ndipo nikasimama, nikanukuu Maandiko kwa muda ambao mke wangu baadaye aliuita mrefu kupita haja, nikatangaza kwamba nitatoa langu. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, sijawahi kuonja pombe, na kwa miaka ishirini na sita shuleni nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kwamba asiyeweza kulitawala tumbo lake hataweza kutawala hata banda la kuku.

Hospitali ilinipa karatasi ya maagizo. Damu yangu ingepimwa viashiria kadhaa: kreatinini, ile taka ya misuli ambayo figo zima huiondoa, homoni ya tezi ndogo za shingoni inayoamua chokaa ikae wapi mwilini, na kiashiria kinachoonyesha jinsi mfupa unavyobomolewa. Majibu yangeingia pia katika utafiti wao kuhusu mifupa ya watu wanaobaki na figo moja, kwa maana figo, kumbe, ndilo linaloiamsha vitamini inayolisha mfupa. Masharti yalikuwa mawili. Nisile nyama tangu siku moja kabla ya kupimwa, na kuanzia saa mbili usiku nisitie kitu kinywani ila maji. Niliyasoma nikatabasamu. Niliona ni masharti yaliyoandikwa kwa ajili ya watu dhaifu.

Saa nane mchana, Jumatatu, nilipanda pikapu ya jirani yangu anayepeleka maziwa Molo. Tulipita Keringet, chai upande huu na viazi upande ule, ukungu ukitangulia mbele yetu kama ng'ombe asiyetaka kupisha. Jirani akauliza:

"Mwalimu, wakitoa hiyo moja, utabaki na nguvu ya kuhubiri?"

"Mahubiri hayatoki kwenye figo."

"Haya. Sisi tulikuwa na tumaini kidogo."

Saa kumi na moja jioni tuliingia Molo. Baridi ya Molo haimbishii mtu hodi. Huingia na kuketi. Mwenyeji wangu alikuwa Karanja, niliyesoma naye chuo cha ualimu kabla hajaiacha chaki na kuuza viazi. Lori lake lingenifikisha Nakuru asubuhi. Nilipofungua lango nilisikia harufu, na harufu hiyo ilinieleza mambo yote kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa. Karanja alikuwa amechinja mbuzi.

"Karibu, mtoa figo!" akapaza sauti.

"Karanja, karatasi inasema nisile nyama."

"Karatasi imeandikwa na nani?"

"Daktari."

"Daktari anakaa Nakuru, huko kuna joto. Hapa mtu asipokula nyama anaganda. Tena sikiza, Mwalimu. Unaenda kutolewa kitu mwilini. Utajazia na nini? Mimi hata lori likitolewa gurudumu, naweka lingine kwanza." Akaniwekea sahanini mafigo mawili ya mbuzi, yamechomwa yakang'aa. "Haya ni yako. Moja la kutoa, moja la kubaki."

Mkewe, Mama Ciku, aliongeza kwa upole ambao ndio ulionimaliza: "Mbuzi amechinjwa kwa jina lako. Sasa tumwambie nini?"

Kwetu huku juu, mbuzi aliyechinjwa kwa jina la mgeni hakataliwi. Anayekataa huonekana anaushuku mkono uliochinja. Niliyawaza hayo, na ningeweza kuyaandika hapa kama utetezi. Lakini sikula kwa ajili ya mila. Nilikula kwa sababu yalinukia. Nilikula mafigo yote mawili, kisha ubavu, kisha nikaomba chumvi.

Saa kumi na moja alfajiri lori lilikuwa likinguruma uani na Mama Ciku alikuwa ameshika kikombe kinachofuka moshi.

"Hii ni supu," nikasema.

"Supu si chakula," Karanja akajibu akiwa dirishani mwa lori. "Ni maji yaliyopitia kwenye mifupa. Si ulisema unapimwa mifupa?"

Nimewahi kusimamia midahalo ya wilaya, na ninajua hoja mbovu ninapoisikia. Hii nilikubali iwe nzuri. Nilikunywa vikombe viwili.

Njiani, tulipopita Elburgon na kushuka kuelekea Njoro, jua lilichomoza juu ya mashamba ya ngano nami nikawa nimeshiba kiasi cha kumwona kila mtu anahitaji mawaidha. Nilimkemea Karanja kwa ajili ya magunia yake ya lumbesa, yale yanayojazwa viazi mpaka yanaota kichwa na shingo.

"Gunia la namna hiyo ni uongo uliosimama," nilimwambia.

"Gunia halijasema kitu, Mwalimu. Ni mtu ndiye husema."

Saa mbili asubuhi, Nakuru, nilikaa kwenye kiti cha maabara nimekunja mkono wa shati. Mtaalamu wa maabara alikuwa dada kijana aitwaye Akinyi, mzaliwa wa mji huo huo, ambaye babu yake alikuja na kazi ya reli. Alikuwa mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa kutazama.

"Mzee wangu, tangu jana usiku umekula kitu?"

"Hapana."

"Hata chai?"

"Hata chai," nikasema, na katika habari ya chai nilikuwa mkweli kabisa.

Akaandika. Nikatia sahihi. Kalamu haikutetemeka, jambo ambalo mpaka leo linanisumbua kuliko uongo wenyewe.

Saa tisa alasiri daktari alituita, mimi na Rael. Dada yangu alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Daktari alitazama karatasi, akanitazama, akairudia karatasi. Kreatinini ilikuwa juu kuliko wanavyokubali. Mafuta katika damu yalikuwa mengi kupita kiasi. "Kama hukula, basi huu ndio mwili wako ulivyo," alisema, "na siwezi kumtoa figo mtu wa namna hii. Mtafute ndugu mwingine." Hakukuwa na ndugu mwingine. Wote watatu tulijua.

Nilifungua kinywa. Rael alinishika mkono kabla sijasema. "Pole, Mwalimu," akaninong'oneza. "Kumbe wewe pia ni mgonjwa na ulikuwa unanyamaza." Nikafunga kinywa.

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa Milimani, katika chumba chake nyuma ya nyumba ya tajiri wake, chini ya mijakaranda, nikitunzwa. Alinipa kitanda, yeye akakaa kwenye kigoda. Alinipikia chakula cha mgonjwa wa figo kama alivyofundishwa hospitalini: viazi vimekatwa vidogo, vimechemshwa, maji yakamwagwa, vikachemshwa tena. Havikuwa na chumvi. Havikuwa na ladha yoyote niliyowahi kukutana nayo duniani.

"Kula, utazoea," alisema. "Mimi mwezi wa kwanza nililia. Na nimepiga simu nyumbani. Kanisa lote wanakuombea wewe sasa."

"Kanisa lote?"

"Na kwaya. Wameanza mfungo."

Niliwafikiria watu wazima wa Olenguruone wakilala njaa kwa ajili ya mafigo yangu, wakati tatizo langu lilikuwa kwamba nimekula. Nikasukuma sahani kando.

"Rael," nikasema, "nilikula."

"Ulikula nini?"

"Mbuzi. Kwa Karanja. Jana jioni. Na alfajiri nikanywa supu."

Aliweka sufuria chini. "Mbuzi sehemu gani?"

Ningeweza kusema ubavu. "Mafigo."

"Mafigo?" Alisimama. "Unaenda kupimwa figo, unakula mafigo? Wewe, Mwalimu! Wewe uliyetukataza mandazi shuleni!" Akaanza kucheka, akashika mlango, akacheka mpaka akakosa pumzi, nami kwa upumbavu nikacheka pamoja naye. Kisha akaacha, ghafla, akanitazama.

"Pale kwa daktari ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniacha nitoke nje nikijua nitakufa."

Aliniwekea viazi vingine na kusema nivimalize, na nilivimaliza.

Saa moja asubuhi, Jumatano, nilikuwa mlangoni mwa maabara kabla ya mfagizi. Nilimweleza Akinyi kila kitu, pamoja na chumvi niliyoomba. Hakushangaa hata kidogo. Alinieleza kwamba damu yangu ilipotoka kwenye mashine ya kuizungusha, maji yake ya juu, ambayo hupaswa kuwa angavu, yalikuwa meupe kama maziwa.

"Nyama iliyopikwa hupandisha kreatinini," akasema. "Na kiashiria cha mfupa kilikuwa chini, kwa sababu mtu akila, mfupa hupunguza kazi ya kujibomoa kwa saa kadhaa. Mafuta yanaelea, kreatinini imepanda, mfupa umeshuka. Mzee, hao ni mashahidi watatu na hawajuani."

"Kwa nini basi hukusema?"

"Nilikuuliza, ukajibu. Na ulikuwa umefunga tai." Akanionyesha nakala ya ripoti. "Lakini angalia hapa chini nilivyoandika: 'Anasema hakula.' Sikuandika kwamba hukula."

Nimesoma vitabu vingi vya maadili. Sikumbuki ukurasa ulionishtaki kwa maneno mawili kama hayo. Akinyi alinipa miadi ya Ijumaa.

Siku mbili zile Rael alinichunga kama askari wa bohari. Mboga, ugali, maji. Nikipita karibu na jiko la tajiri wake alikuwa akikohoa. Ijumaa nilitolewa damu tena, na safari hii Akinyi aliinua mrija dirishani ili nione mwenyewe: juu ya wekundu, maji ya manjano kama chai ya rangi iliyo nyepesi, na mwanga ukipita.

Jumamosi nilirudi na lori lile lile. Nilimweleza Karanja yote. "Lakini supu ni maji," alisema, kwa huzuni ya kweli. Jumapili nilisimama kanisani Olenguruone kuwaeleza watu waliofunga. Nilijiandaa kwa hotuba ya sehemu tatu. Nikasema sentensi nne nikakaa. Mama mmoja wa kwaya aliuliza kwa sauti kama sasa wanaweza kwenda kula.

Nilichojifunza ni kidogo, na kwa mtu wa umri wangu ni aibu kukijifunza sasa. Kwa miaka ishirini na sita nilifundisha ukweli kama mtu anayefundisha kuogelea akiwa amesimama nchi kavu na viatu miguuni. Mwili haukuheshimu cheo changu. Ulisema ulichotendewa, kwa kipimo, mbele ya dada mwenye koti jeupe.

Alhamisi iliyofuata, saa nne asubuhi, nilikuwa shambani nikipalilia Rael aliponipigia simu.

"Mwalimu. Wamesema ndiyo. Mafigo yako ni mazima, yote mawili. Wamepanga mwezi ujao."

Nikaketi chini, juu ya mimea yenyewe.

"Uko?" akauliza.

"Niko."

"Nikikuuliza kitu utanijibu vile kilivyo?"

"Uliza."

"Unaogopa?"

Jibu la zamani lilikuwa tayari ulimini, limenyooshwa, lina andiko lake. Nililimeza.

"Ninaogopa sana, Rael. Tangu siku ile sebuleni."

Nikasikia akivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Afadhali," akasema. "Nilidhani ni mimi peke yangu."