Mtahini Aliyeogopwa na Familia
Kila familia iliyokuja chuoni na sinia za keki za tende kumsikiliza mwanao akitetea tasnifu ilimwogopa mtahini yule. Huongea kwa sauti ya chini, hufuta miwani kwa ncha ya tai, kisha huuliza swali la kumtoa mtu jasho. Siku mwanafunzi Wassila alipotetea yake, shangazi yake akapiga vigelegele mapema, naye mtahini akamwambia, “Subiri, mama. Shahada za bure ndizo zinazoiaibisha Algeria.” Swali likaja. Wassila akajibu, “Samahani, profesa, hapo umekosea,” akaonyesha hesabu yake ubaoni. Mtahini akafuata hesabu kwa kidole, mstari kwa mstari, mara akaruka kama mtoto: “Wallahi nimekosea! Nani atasema tena chuo hiki hakifundishi?”