Nilimwambia Yaya mashine itafika Alhamisi

Admin, jina langu lifiche, na mji ukitaka uuache. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mama wa mtoto mmoja, naishi Butembo, commune ya Mususa. Nauza vitu kwa simu: mteja anachagua picha, naagiza kwenye tovuti ya ng'ambo, mzigo unapita Uganda, unavuka mpaka wa Kasindi, kisha unapanda gari hadi Beni au Butembo. Najua mtanitukana. Tukaneni, mais mnisome hadi mwisho.

Kwanza mjue uongo wetu sisi wauzaji. Ukiagiza, tovuti inaandika yenyewe: siku kumi na mbili. Haijui kwamba magari ya Kasindi hukaa yakingoja convoi ya askari wa kuyasindikiza, na askari wakisema leo hapana, basi ni hapana, hata nyanya zioze ndani ya gari. Sisi tunajua. Lakini ukimwambia mteja mwezi mmoja, jirani yako anamwambia siku kumi na mbili na mteja anahamia kwake. Donc wote tunanakili tarehe ya tovuti, na ikipita tunasema ni douane, watu wa forodha. Miaka minne nimekula kwa uongo huo, na nililala vizuri.

Dada yangu mkubwa, nitamwita Yaya kama tunavyowaita dada huku kwetu, alikuwa anaishi Beni, mwisho kabisa wa Mulekera, pale nyumba zinapoishia mashambani. Ni fundi cherehani. Aliagiza kwangu surjeteuse, ile mashine ya kufunga pindo za nguo, kwa sababu shule moja ilimwahidi kazi ya kushona uniforme. Nikampa siku kumi na mbili kama mteja yeyote. Zikapita. Akapiga simu, nikasema douane. Akapiga tena, nikasema Jumatatu. Mara ya tatu nilimjibu kwa ukali, yeye aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto.

Wiki iliyofuata zikaanza habari kwamba adui, wale waasi wa porini wanaoua watu mashambani, wameonekana karibu. Majirani wakafunga magodoro kwenye pikipiki, wakaelekea katikati ya mji. Jumanne asubuhi Yaya akapiga.

"Mudogo, batu ba huku bote beko nakimbia. Papa wa batoto anasema tuende ku centre leo leo. Tukienda, mashine itatukuta wapi? Uniambie kweli."

Saa moja kabla ya hapo, mtu wangu wa Kasindi alikuwa ameniandikia kwamba barabara imefungwa, hakuna convoi, na hakuna anayejua itatoka lini. Ujumbe wake ulikuwa mbele ya macho yangu. Mais nilishamdanganya Yaya mara tatu, nikaona aibu kumwambia kwamba hata sasa sijui. Nikasema, "Alhamisi utaipata, Yaya. Mungoje tu pale, mutu wa pikipiki atakuletea mpaka ku mulango." Akamshukuru Mungu. Kisha nikamwandikia na ujumbe wa simu: Alhamisi, bila shaka.

Wakangoja. Alhamisi asubuhi hapakuwa na chakula ndani. Shemeji, mume wake, akasema anakwenda kuchimba mihogo mara moja, arudi kabla mashine haijafika, kwa kuwa ni nzito na Yaya hawezi kuiingiza peke yake. Hakurudi. Walimpata Jumamosi, na sitaandika walivyomkuta.

Mashine ilifika wiki tatu baadaye, nzima, bila mkwaruzo. Yaya sasa yuko kwangu na watoto wake watatu, anashona sebuleni. Wateja wakija anawaambia, "Bale ba site ya internet ndio baongo. Mudogo wangu alijikaza sana juu yangu." Anaamini ile Alhamisi ilitoka kwao, mimi nilimpitishia tu. Ananifulia. Anakula kidogo ili mwanangu ashibe. Wema wake unanichoma kila siku, na mimi nanyamaza. Ni mwoga, semeni tu.

Ningenyamaza hadi kaburini. Lakini ndugu za shemeji, watu wa kijijini Kipese, wameitisha kikao cha kumaliza msiba. Wanasema Yaya alimzuia mume wake kukimbia kwa tamaa ya mashine, na mwanamke wa namna hiyo hawezi kuachiwa watoto wa ukoo wao. Juzi mkubwa wao alikuja hapa nyumbani.

"Weye uliona mashine kuwa na maana kuliko mutu," akamwambia. "Batoto bataenda Kipese."

Yaya hakulia. Alisema tu, "Papa, baliniambia Alhamisi."

"Nani alikuambia?"

"Ba site."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Nikaliweka chini, nikatoka nje kama mtu aliyesahau sukari.

Kikao ni Jumapili hii, baada ya misa ya pili. Nikisema ukweli mbele yao, huenda wakamwachia watoto, maana lawama itanirudia mimi. Lakini Yaya atajua ni nani aliyemfanya mjane, na mimi sina dada mwingine. Nikinyamaza, ataendelea kunipenda, na watoto watapanda gari la Kipese. Wa mwisho ana miaka mitatu. Msiniandikie kwamba ni mapenzi ya Mungu. Ule ujumbe wa Alhamisi niliuandika mimi, na bado uko ndani ya simu yake.

Admin ameniuliza kama aibadilishe mashine iwe kitu kingine, watu wasinitambue. Nimemwambia aiache ilivyo. Yaya anausoma ukurasa huu kila siku akipumzika kushona. Sijui kama nimefanya hivyo kwa ujasiri, au ni woga uleule, nataka simu inisemee. Ndugu zangu, nishaurini haraka, maana sasa hivi yuko sebuleni na kazi yake inakaribia kwisha: niingie nimwambie kwa mdomo wangu, au nimwache asome?