Dawa Tasa ya Yunisi

Watu wa Ilongero, kule Singida, walikuwa na jina moja tu la kumwita Yunisi, nalo halikuwa Yunisi. Walimwita tasa. Miaka minane ya ndoa bila mtoto, mumewe akamrudisha kwao, na kwao hakukaa hata msimu mmoja wa mtama. Alifunga nguo zake kwenye khanga, akaenda hospitali ya misheni kuomba kazi. Alipoulizwa anajua nini, akajibu, "Kuosha." Hakusema tafadhali. Yunisi hakuwa mtu wa tafadhali, na mimi namsifu kwa hilo.

Alianza kwa kuosha chupa. Kufikia mwaka 1954, Mwingereza akiwa bado anatawala Tanganyika, alikuwa ndiye mchanganyaji wa dawa ya macho. Kazi hiyo haikuwa ya mchezo, maana katika nchi ile ya upepo na vumbi watoto waliletwa kope zimegandamana, hawawezi kutazama jua. Dawa yao ilitengenezwa palepale. Unga mweupe uliokwa peke yake na mafuta yakachemshwa peke yake, kwani vikipikwa pamoja dawa inaharibika. Vikipoa vilikutanishwa ndani ya chupa na kukorogwa kwa kijiti cha kioo muda mrefu, la sivyo unga uliganda madonge kama ugali wa mtu asiyejua kusonga. Na jicho bovu halitaki donge.

Ubaya ulikuwa hapo kwenye kukoroga. Ili kijiti kiingie, lazima chupa iwe wazi. Walifunga dirisha, wakafunga mlango, lakini vumbi la Singida haliombi mtu ruhusa. Agosti ile watoto watano walirudi macho yamejaa usaha, na binti mmoja wa miaka minne akapoteza jicho la kulia.

Daktari, mzungu mrefu aliyekuwa na haraka siku zote, alimwita Yunisi ofisini.

"Mikono yako ni michafu," alisema.

"Mikono nimeisugua mpaka ngozi imetoka, Bwana Daktari. Iangalie. Kosa ni chupa kukaa wazi. Tukiifunga, hakitaingia kitu."

"Na chupa iliyofungwa utaikorogaje?"

Daktari akampa mpaka Krismasi: likirudi tena tatizo lile, na yeye atarudi kwao. Tena habari ya lile jicho isitoke nje ya geti. Kurudi kwao! Kule ambako angeitwa tasa hata kabla ya kupokewa mzigo. Yunisi alitoka ofisini amekasirika hata akasahau kuaga.

Jibu alilipata Itigi, alipokwenda kumjulia hali mdogo wake Kefa, fundi wa simu za reli. Kefa alikuwa ametoa sumaku kwenye simu mbovu, zile za kuzungusha kwa mkono, akawa anajichezea. Alimwaga misumari midogo juu ya meza, akapitisha sumaku chini ya ubao, na misumari ikaifuata huku na huku. Yunisi aliacha uji wake.

"Nipe hiyo."

"Dada, hii ni mali ya reli."

"Simu imekufa, sumaku haijafa. Lete hapa."

Kefa alimjua dada yake. Akaleta.

Alirudi hospitali, akachukua gurudumu la cherehani kuukuu, akalilaza chini ya ubao mwembamba na kuifunga sumaku juu yake. Chupa ilikaa juu ya ubao, na ndani ya chupa msumari. Alipozungusha gurudumu, msumari nao ukazunguka, bila mkono wa mtu kuugusa. Yunisi alicheka peke yake chumbani. Hakucheka muda mrefu, kwa sababu baada ya siku mbili kutu ya msumari ilitoka na dawa ikawa rangi ya chai.

Akaanza upya. Alikata kichwa cha msumari, akautia ndani ya mrija wa kioo, akaziba ncha zote mbili kwa moto wa taa ya spiriti. Wa kwanza ulipasuka kwenye oveni. Wa pili ukapasuka pia, akautukana kwa lugha ya mama yake. Wa tatu ukavumilia. Kisha akagundua kwamba chupa zao zilikuwa zimebonyea kitakoni, msumari unateleza pembeni na kulala hapo, basi akapekua stoo nzima akitafuta chupa za kitako bapa. Akagundua pia kwamba ukizungusha kwa pupa, msumari unaiponyoka sumaku na kubaki unatapatapa. Ilibidi aanze polepole, kama anayemzoeza ng'ombe kuvuta jembe. Mwisho unga na msumari vikaokwa pamoja ndani ya chupa, mdomo ukazibwa kwa kifuniko cha mpira kilichochemshwa, mafuta yakaingizwa kwa sindano. Tangu hapo chupa haikufunguliwa tena; hata matone yalitolewa kwa sindano.

Daktari hakuamini. Basi Yunisi akachuja supu ya mbuzi, akaichemsha kwenye chupa mbili. Moja akaifungua na kuikoroga kwa kijiti, ya pili akaikoroga kwa sumaku ikiwa imefungwa. Siku ya nne aliziweka zote juu ya meza ya daktari, akaifungua ile ya kijiti chini ya pua yake. Daktari alikimbilia dirishani. Ile ya pili ilikuwa angavu kama siku ilipochujwa.

Hapo Sista Kristina, mzungu mwenye moyo mwema kuliko Kiswahili chake, akafurahi mno. Alitaka kila chupa iandikwe kwamba ndani yake hamna kijidudu kilicho hai. Akafungua kamusi yake, akatafuta neno, akaandika kwa herufi kubwa: DAWA TASA.

Jumatatu akina mama waliokuwa kwenye foleni walisomewa maandishi hayo na mmoja wao aliyejua kusoma. Walirudi nyuma wote kwa pamoja. Dawa tasa, iliyokorogwa na mwanamke tasa, kwa chuma kinachojizungusha chenyewe? Wawatie mabinti zao, wasizae? Wakafunika watoto kwa khanga na kuanza kuondoka.

Daktari alitoka mbio. "Bandueni karatasi! Andikeni safi. Na hicho kimashine kivunjwe, tunarudi kwenye kijiti."

"Hakivunjwi," alisema Yunisi. "Na neno halibanduki."

"Yunisi!"

Yunisi alichukua chupa na sindano, akaenda kusimama getini mbele ya akina mama wale.

"Shikamooni wakubwa. Mnanijua. Mimi ndiye tasa mwenyewe, hamna haja ya kunong'ona. Sasa nisikilizeni. Safi ni sahani iliyooshwa. Mwezi wa nane dawa yetu ilikuwa safi, nikaikoroga kwa mkono huu, na mtoto wa mtu akapoteza jicho. Tuliambiwa tusiseme. Mimi nasema. Wadudu wa usaha wanazaana kuliko panya. Humu ndani hawazai. Nimewafunga uzazi mimi, kwa chuma na kioo. Hiyo ndiyo tasa iliyoandikwa hapa, na sioni aibu nayo."

Akavuta dawa kwa sindano, akainua uso, akajitia matone mawili katika kila jicho.

"Umefukuzwa kazi," daktari alisema nyuma yake. "Leo hii."

Kisha Dina, bibi kizee aliyekuja kutoka Ihanja na mjukuu mgongoni, akamfungua mtoto na kumweka chini.

"Umesema wewe ndiye uliyeikoroga?"

"Ni mimi, mama."

"Na huyu bwana alijua habari ya jicho, akanyamaza?"

Yunisi akamgeukia daktari. Daktari aliinamisha macho, na kila mtu alimwona.

"Basi mtie mjukuu wangu," alisema Dina. "Ya tasa. Hiyo safi yao wabaki nayo. Na wewe ukiondoka, na sisi tunaondoka."

Mwanamke wa nyuma yake alirudi kwenye foleni, halafu mwingine. Daktari alitazama foleni ile hadi mwisho wake, akaingia ofisini na kufunga mlango. Yunisi alipiga magoti vumbini, akafungua kope za mtoto kwa vidole viwili, akadondosha dawa.