Malisho ya Ndama

Mama aliyenilea siye aliyenizaa. Aliyenizaa alifariki kabla sijaota meno, huko Fort Ternan, ambako baba yangu, mtu wa upande wa ziwani, alikuwa amekuja kufanya kazi ya reli. Jirani mmoja, mwanamke Mkipsigis aliyewauzia maziwa watu wa stesheni, alinichukua na kunikuza kwa mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu yaliyotiwa masizi. Nilimwita Mama. Natanguliza haya ili msomaji ajue nilikuwa na haki kiasi gani ya kuyafahamu mambo ya watu wake, na kwa nini bado yalinipita.

Miaka ya thelathini ilikuwa imeanza niliporudi kutoka ng'ambo na shahada moja, nikiitafuta ya pili kwa profesa wa Kizungu. Wakati huo Mama alikuwa mjane, amehamia juu, mahali ambapo mashamba ya chai yalikoma na msitu kuanza. Kati ya chai na msitu palikuwa na uwanda mwembamba wa nyasi. Mchana ulikuwa wa ng'ombe wa majirani. Alfajiri pongo walitoka msituni kuja kula. Swali la utafiti wangu lilikuwa hili: je, uwanda ule ungeweza kuwalisha wote wawili, mifugo na wanyama wa porini, bila nyasi kuchakaa na msitu kuumia? Wakubwa wa misitu walikuwa wakifikiria kuufunga, nami niliamini, kwa imani ya mtu aliyesoma karibuni, kwamba jibu lililopimwa vizuri lingesikilizwa.

Ili kupima, sharti uwe na mahali pasipoliwa na yeyote. Nilichagua viwanja vidogo vichache, nikavizungushia ua wa matawi ya miiba. Nyasi za nje nilizilinganisha na za ndani: nilizikata kwa mundu, nikazikausha, nikazipima kwa mizani. Kwa kuwa mvua za huko hazimpi mtu jua la kutegemea, fundi mmoja wa kiwandani, rafiki wa baba, aliniruhusu nizikaushe kwenye mashine ya chai. Zilitoka zikinukia chai.

"Hii sasa ni chai ya pongo," Mama alisema, akinusa mfuko mmoja. "Mzungu wako ataweka sukari?"

"Ni ya kupima tu, Mama."

"Umevuka bahari, umerudi kukata majani. Hata mimi ningekufundisha hiyo bila meli."

Alicheka, nami nikacheka. Baada ya hapo hatukucheka sana.

Nzige walishuka wakati mahindi yalikuwa yakitoa mbelewele. Walipoondoka, mvua nayo ikachelewa, jambo ambalo watu wa pale hawakulizoea. Uwanda ulibaki rangi ya ngozi ya ngoma. Ndani ya nyua zangu, ambamo nzige walikuwa wamekula ncha tu na hakuna ng'ombe aliyemalizia, mashina yalichipua tena kwa umande wa msituni. Ng'ombe wa majirani walipita pembeni, mbavu nje, na hakuna hata mmoja aliyeachwa asukume miiba ile. Wachungaji waliwarudisha mapema, kwa fimbo na kwa mluzi. Nilifurahi. Niliandika kwamba ua wa miiba, ukijengwa kwa uangalifu, unatosha. Sentensi hiyo bado ninayo, na bado ni sentensi nzuri, ila si ya kweli.

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwekundu, mwenye baka jeupe tumboni, na mwenye mimba. Hakuwa wake. Wakipsigis hawaweki mifugo yao yote mahali pamoja. Mtu humkabidhi rafiki yake ng'ombe amtunze, anywe maziwa yake, na uzao ukihesabiwa baadaye, rafiki huweza kupata wa kwake. Ng'ombe yule alikabidhiwa marehemu mume wake na mzee mmoja wa upande wa Roret. Mume alipokufa, mzee hakumwondoa. Kwa Mama, ng'ombe yule alikuwa ndiye ushahidi kwamba nyumba yake bado inaaminika, na ndama aliyekuwa tumboni ndiye angekuwa wa kwanza kuitwa wake.

Asubuhi moja alinijia nikiwa nakata nyasi za nje, kama bado zingeweza kuitwa nyasi.

"Mwanangu, utafungua lini?"

"Nifungue nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na mtoto wake. "Majani ya ndama."

Ndipo akanieleza jambo ambalo kila mchungaji pale alilijua. Mtu akizungushia kipande cha malisho karibu na nyumba, amewawekea ndama na ng'ombe wagonjwa. Hakuna mtu mwenye akili atakayepeleka ng'ombe wake pale, hata kwa njaa. Walipouliza nyua zangu ni za nani, alikuwa amewajibu kwa fahari kwamba mwanawe anamtunzia ndama wake malisho. Miiba yangu haikumzuia mtu. Walikuwa wakimheshimu ndama ambaye hajazaliwa.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Mwenye majani haharakishwi. Nilijua unajua. Lakini sasa hii ng'ombe haisimami vizuri."

Nilisimama na mundu mkononi. Msimu wa vipimo haukuwa umeisha. Kuvifungua viwanja ni kupoteza ulinganisho, na bila ulinganisho kila nilichokuwa nimekausha kingekuwa kweli chai ya pongo. Pia ulinganisho huo ndio ungeutetea uwanda wote, pamoja na ng'ombe wa kila mtu. Hoja zilikuja kwa mpangilio, kila moja safi. Kisha nikatazama uso wake, nikaona kwamba hakuwa akingoja uamuzi wangu. Alikuwa akingoja nimalize kufikiri. Niliweka mundu chini, nikaanza kuvuta miiba.

Ng'ombe yule aliingia polepole. Alikula kama mgeni mwanzoni, halafu kwa pupa. Mama alisimama karibu naye, mkono mgongoni mwake, akimwimbia kitu kwa sauti ya chini.

Kesho yake tulimkuta amelala, tumbo limevimba na kukaza upande wa kushoto. Tulijaribu kumwinua. Tulimsugua tumbo, tukamnywesha maji ya majivu. Kabla ya jua kufika utosini alikufa, na ndama akafa ndani yake.

Nimelifikiria jambo hili kwa kila njia ninayoijua. Mnyama aliyeshinda njaa muda mrefu huweza kuangamizwa na malisho mabichi yanayomjia kwa ghafla. Huweza pia kufa tu kwa sababu njaa ilikuwa imekwisha kumla. Sikuwa na ng'ombe wa pili wa kulinganisha naye.

Ng'ombe wa kukabidhiwa akifa, mtunzaji humpelekea mwenyewe ngozi, ili aone alama ya sikio na ajue hakuuzwa. Ngozi ilipokauka, niliibeba kichwani, Mama akatangulia, tukaenda Roret kwa miguu. Kwenye boma la yule mzee tulikuta ngozi nyingine zimerundikwa uani, moja juu ya nyingine. Wengine walikuwa wametutangulia.

Mzee alitukaribisha, akatupa maji kwa kuwa maziwa hayakuwapo. Aliishika sikio ile ngozi, akaitambua alama yake kwa kidole gumba. Alimuuliza Mama jambo moja tu.

"Ilikufa na njaa?"

Nilishusha macho. Nilikuwa na maelezo marefu, na yote yalianza na neno "huenda".

"Hapana," Mama alisema. "Ilikufa imeshiba. Ilikula majani ya huyu kijana wangu. Alifungua ua yake yote."

Mzee alinigeukia. "Kongoi," akasema, yaani asante, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilimwacha anishike. Hakuwa na ng'ombe mwingine wa kumkabidhi Mama, wala Mama hakuomba.

Tulirudi bila mzigo. Chai ilikuwa kijani pande zote mbili za njia, kijani kilichonitia aibu kukitazama. Tulipokaribia nyumbani Mama akauliza.

"Ile miiba bado iko?"

"Iko, Mama. Niliisogeza pembeni tu."

"Basi rudisha. Majani yataota." Alitembea kidogo. "Watu wasipite wakaona nyumba yangu haina ndama ya kungojea."

Nikairudisha siku ileile, tawi juu ya tawi, nikalifunga na pengo aliloingilia ng'ombe. Sikupima tena chochote ndani yake. Wachungaji waliendelea kupita pembeni.