Injini ya Mjapani, Gari la Mfaransa

Kuna harufu moja ambayo mpaka leo hunisimamisha barabarani kama mtu aliyeitwa kwa jina. Ni harufu ya mafuta machakavu ya injini yaliyomwagika kwenye mchanga mwekundu uliochomwa na jua. Wenzangu hushika pua. Mimi hurudi nyumbani kwetu, upande wa Mutomo, miaka ya sabini, nikiwa na umri wa miaka tisa, nimechuchumaa kando ya gari la baba lisilo na injini.

Lilikuwa gari refu la Kifaransa, la safu tatu za viti. Baba alikuwa dereva wa tajiri mmoja Mombasa kwa miaka mingi, akija nyumbani wakati wa Krismasi tu, hata nilipokuwa mdogo nilijificha nyuma ya mama kila alipoingia. Alipochoka na maisha hayo, tajiri wake alimwachia gari lile kuukuu, akamwambia kwamba kazi ipo siku yoyote atakayoitaka. Baba akaanza kubeba watu na mbuzi kutoka Mutomo hadi Kitui. Kwa mara ya kwanza nikawa na baba anayelala nyumbani. Nilijua vizuri sana kwamba gari likitembea baba yupo, na gari likikaa baba hayupo.

Sharti niwaambie pia kuhusu jina langu. Mimi ni Kalunde, jina la mama yake baba, aliyekufa kabla sijazaliwa. Kwetu Ukambani ukipewa jina la mtu umepewa na cheo chake. Kwa hiyo baba hakuniita Kalunde. Aliniita mwaitu, yaani mama, na alinitii nusu kwa mzaha, nusu kwa kweli. Nikimwambia, "Vua viatu, umeleta vumbi," alivua. Nilideka, sitaficha.

Mwaka ule mvua ilikataa kabisa. Hata mbuzi walikuwa wakipimiwa maji. Siku moja, kwenye mlima wa kwenda Kitui, rejeta ya gari ilitoboka, na baba hakuwa na maji hata ya kunywa. Alikuwa na mgonjwa ndani, kwa hiyo hakusimama. Alimfikisha mgonjwa, lakini injini ilinoki, ikafa kabisa. Gari lilirudi likivutwa na trekta, na mimi nililia kuliko nilivyowahi kulia msibani.

Injini ya Kifaransa haikupatikana. Iliyopatikana ni ya pikapu ya Kijapani iliyopinduka huko barabara ya Mombasa. Ilikuja juu ya mkokoteni wa ng'ombe, imefunikwa gunia. Mama aliifunua, akaitazama, akasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Baba akamjibu kwamba mchagua jembe si mkulima. Wote wawili walicheka, na nadhani hiyo ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka wakicheka pamoja.

Fundi wetu aliitwa Mutisya, mtu mwembamba wa maneno machache. Aliining'iniza ile injini kwa mnyororo kwenye tawi la mti wa mukau, akaishusha polepole ndani ya gari, akaipandisha, akaishusha tena. Kisha akajifuta mikono kwa muda mrefu.

"Baba Kalunde, hawa watu hawajuani," alisema. "Injini ni ndefu. Chini inagonga hiki chuma kinashika magurudumu ya mbele. Mahali pa kufungia hapalingani, na giaboksi yako haikubali kushikana na hii. Tungoje ya Mfaransa."

"Tutangoja mpaka lini?"

"Mwaka. Sijui. Ama tukate hicho chuma. Lakini mimi sipendi."

Kungoja mwaka ni kurudi Mombasa, hilo kila mtu pale alilijua. Baba akageuka, akanitazama mimi, na uso wake haukuwa na mzaha.

"Mwaitu, unasemaje? Tukate ama niende?"

"Kateni!" nikasema kwa sauti, kama mwenye boma.

Mama alicheka. Mutisya hakucheka. Aliinama akachukua msumeno.

Kazi ile ilichukua miezi saba, kwa sababu kila tatizo lililotatuliwa lilizaa lingine. Giaboksi ya Mfaransa iliondolewa, ya Mjapani ikatafutwa. Ilipofungwa, gia ilichomoza chini ya kiti cha dereva, ikabidi sakafu itobolewe. Propela, ile fimbo ya kuzungusha magurudumu ya nyuma, ikawa fupi, ikaunganishwa na kipande kingine. Boneti ikakataa kufungika. Mutisya alikuja siku mbili kwa wiki, wiki nyingine asije kabisa, na baba hakumkaripia hata mara moja. Siku ambazo Mutisya hakuja, baba alitengeneza ua wa mbuzi, akanifundisha kuendesha baiskeli, akanisikiliza nikisoma kwa sauti kitabu cha shule. Jumapili alikaa nasi kanisani, akiimba besi vibaya. Miezi ile nilikuwa na furaha, na nilidhani furaha hiyo ilitokana na gari kukaribia kupona.

Siku ya kujaribu, majirani walikuja. Injini iliwaka kwa moshi mweusi, akina mama wakapiga vigelegele. Baba aliendesha akatoka bomani, akafika pale njia inapoteremka kwenye korongo kavu. Tulisikia mlio mmoja tu, mzito. Pale palipokatwa palikuwa pamekunjika, na magurudumu ya mbele yakatawanyika kama miguu ya ndama aliyezaliwa asubuhi ile. Baba alikaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kushuka. Hakuna aliyemsogelea.

Wiki iliyofuata alifunga sanduku lake. Kwetu mtu akienda safari ndefu, mama yake humtemea mate kidogo kifuani, na hiyo ndiyo baraka ya njia. Baba alifungua kifungo cha shati, akapiga magoti mbele yangu, mtu mzima yule, akangoja.

"Mwaitu, nitemee mate niende."

Nilifunga mdomo. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua pa kuiweka. Niliona kwamba alichopenda ni gari tu, na sasa gari limekufa hana haja na sisi. Mama alinisihi, akanifinya. Nilikaza meno. Baba alingoja kidogo tena, akafunga kifungo chake, akaenda. Alikuja Krismasi mbili tu baada ya hapo. Ya tatu tulimpokea kwenye jeneza.

Nilikuwa mwalimu, tayari nina watoto, nilipokutana na Mutisya kwenye soko la mji wa Wote, mzee wa mkongojo, macho yamefifia. Tulikaa tukanywa chai. Nikamwambia kile nilichokibeba miaka yote: kwamba ni mimi niliyesema gari likatwe, na kwamba nililiharibu gari la baba kwa mdomo wangu.

Alinitazama kama mtu asiyeelewa.

"Wewe? Baba yako ameendesha gari tangu hujazaliwa. Alijua kushinda mimi. Hiyo siku, wewe ukiingia ndani, nilimwambia, ndugu yangu, hii gari nikikata haitatembea. Akaniambia, najua. Halafu akaniambia, Mutisya, kata polepole."

Chai yangu ilipoa mkononi. Miezi saba. Baba alijua tangu siku ya kwanza kwamba atarudi Mombasa, akaliuza gari lake zima kwa miezi saba ya kukaa nasi, na aliponiomba mate kidogo tu ya safari, nilimnyima.