Wawili Waliopeana Mgongo

Jirani yangu fundi cherehani mdomo wake hauna kifungo. Asubuhi alipokuja kuazima ndoo aliniambia, "Shoga, mwalimu wa udereva kaikwaruza gari ya shule kwenye ukingo wa daraja. Chupa hiyo. Mtu mzima hovyo."

Mwalimu tumepanga naye nyumba moja, chumba chake kinatazamana na changu. Harufu ya pombe sijawahi kuisikia kwake. Nilichokiona ni kingine. Juzi mwanangu alimkimbilia kutoka mkono wa kushoto, mwalimu akamkumba chini kama vile hapakuwa na mtu. Kisha akashtuka, akambeba, akawa anampuliza goti. Na mlangoni pake, bega la kushoto hugonga mwimo kila siku.

Jioni aliwafundisha wanafunzi wake uani, kwa alama alizozichora kwenye vipande vya boksi. Mume wangu yumo. Mimi nilikuwa nafua pembeni.

Alama ya daraja jembamba anaipenda kuliko zote: pembetatu nyekundu, ndani mistari miwili myeusi iliyobonyea katikati. "Hao ni watu wawili waliopeana mgongo," huwaambia. "Ukiwaona, toa mguu kwenye mafuta mapema. Mwenzako akishaingia darajani, msubiri, hata kama unawahi mazishi. Daraja halijui kusogea."

Mume wangu akayachanganya yale maboksi. "Leo tunakutahini wewe, mwalimu." Akanyanyua moja.

Mwalimu akalitazama. "Barabara inabanwa upande wa kulia."

Ilikuwa daraja. Kicheko kikalipuka.

"Na yule mwingine kaenda wapi, mzee? Kaifuata chupa?" akauliza mmoja wao.

Mume wangu akajifanya anayumba, akapapasa hewa, akajigonga ukutani. Wakashika mbavu. Fundi cherehani akasimamisha mashine ili acheke vizuri. Hata mwanangu akacheka, maana baba yake anacheka.

Mwalimu naye akatabasamu. "Kweli jamani, jana nilizidisha," alisema, akaanza kuokota maboksi yake. Moja lililoangukia kushoto akaliacha.

Walipotawanyika nikampelekea chai. Nikaiweka kushoto kwake, makusudi. Hakuigusa. Nikaihamishia kulia, akageuka kunitazama, akajua nimejua.

"Tangu lini, mwalimu?"

"Tangu siku kichwa kiliponiuma sana, mwanangu. Upande wa kushoto umezimika wote, sioni kitu."

"Sasa ulevi umeukubali wa nini?"

"Mlevi, mwenye shule atamkaripia. Asiyeona atamfukuza. Mimi nje ya gari ile ni nani?"

Nilikumbuka kitu. "Kesho unatoka na mume wangu. Mnapita darajani."

"Tunapita. Na alama hajazishika, ameshika mzaha tu." Akatazama dirishani kwetu, mume wangu alikuwa bado anamwigizia mtoto ile kupapasa. Akashusha sauti. "Usimwambie, mwanangu. Akijua yeye, kesho wamejua wote. Panda nasi, sema unampeleka mtoto kliniki. Kaa nyuma yangu. Ukiwaona wale wawili waliopeana mgongo, nigonge bega hili la kushoto, nikanyage ile breki ya pili, ya upande wangu."