Trekta ya Kuwashwa na Mtu Mmoja

"Daddy, tangu mama atuache umenunua waya ya kuzungusha Subukia yote, ifike Solai, irudi, na bado ibaki ya kuanika nguo!"

Huyo alikuwa Abby, binti ya mzee Jamleck Ndegwa. Ameshuka tu kwa boda boda na viatu vyake vya ofisi, hata chai hajapewa. Mzee naye ameinama juu ya trekta, amempa mgongo, anakaza nati ambayo ilikuwa imekazwa tangu asubuhi.

"Si nyingi hivyo," akasema.

"Si nyingi! Nimeikanyaga kutoka kwa zizi mpaka hapa. Na si tulikubaliana? Mvua ikianza kama hujaweza kuwasha hii kitu peke yako, shamba analima jirani yako Kiprugut, wewe unakuja Nakuru kwangu. Sasa angalia huko juu. Hayo mawingu ni ya nini?"

"Ni mawingu tu. Haijanyesha."

Mzee Jamleck hubishana hivyo, neno moja moja, kama mtu anayetoa mawe kwa mchele. Ana miaka sabini na moja na hiyo nyumba hajawahi kulala nje yake zaidi ya siku tatu. Nakuru alishaenda akakaa kwa Abby wiki moja baada ya mazishi, yaani alisema wiki moja. Siku ya tatu akasema ng'ombe wanamtafuta.

Sasa hiyo trekta. Ni Fagasoni ya kijivu, ndogo kama punda aliyekataa kukua, iliachwa na mzungu wa kahawa, ikapitia kwa baba yake Jamleck. Umeme wake ni wa volti sita, na betri ya volti sita ukiulizia Nakuru mjini siku hizi, mwenye duka anaita wenzake waje wakuone. Stata, ile mota ya kuiwasha, ililala zamani, Abby akiwa bado shule ya msingi. Kwa hivyo ilibaki ni hendeli. Mtu mmoja anasimama mbele anazungusha, mwingine anakaa kwa kiti amevuta choki ya kuongeza petroli. Ikikohoa, choki inaachiliwa hapo hapo. Ukichelewa inalewa petroli, basi nendeni mnywe chai mpaka ikauke.

Wa kuzungusha alikuwa Jamleck. Wa choki alikuwa mke wake, Naliaka, mtu wa Kimilili, aliyekuja Subukia kuchuma kahawa msimu mmoja na hakurudi tena. Naliaka hakuwa anajua kuendesha, na hakutaka kujua. Lakini ile injini alikuwa anaisikiza vile mama husikiza mtoto wa usiku, anajua kikohozi gani ni cha kweli na gani ni cha kudanganya. Ikishika, yeye anashuka upande huu, mzee anapanda upande ule. Miaka thelathini. Kuna asubuhi walikuwa wamekosana tangu jana yake, hakuna anayeongeleshana na mwingine, na trekta inawaka tu.

Naliaka alifariki Agosti. Oktoba mzee akajaribu peke yake. Anavuta choki, anaifunga na kamba, anakimbia mbele, anazungusha, inakohoa, anakimbia nyuma kufungua kamba, imekufa. Mara sita. Jirani yake Kiprugut alikuwa amesimama kwa ua na kikombe cha maziwa, akamwambia, "Jamleck, hizo mbio za kupokezana kijiti unazikimbia na nani?"

Mzee alimtukana kidogo. Lakini jioni, akikula, akaona kumbe ule ulikuwa mzaha mzuri sana. Akainua kichwa amwambie mtu. Akaendelea kula.

Hapo ndipo akaamua trekta itabadilishwa umeme: itoke volti sita iende kumi na mbili, iwake kwa stata kama gari za watu. Akaenda kwa Ogola, fundi wa umeme wa magari huko Nakuru, mtu wa tumbo na maneno. Ogola akaisuka stata upya, akampa altaneta ya kuchaji betri, ya gari iliyogongwa, koili mpya, na balbu. Dainamo ya zamani, iliyokuwa ikifanya kazi ya altaneta, akamwambia aitoe.

"Lakini sikiza, mzee," Ogola akamwambia. "Hizi trekta za zamani, betri ilifungwa chanya kwa mwili wa trekta. Dunia yote ilishahama, mwili ni hasi. Ukifika nyumbani, nyaya za betri unazigeuza. Umesikia? Unageuza."

"Mimi si mtoto."

"Si mtoto. Geuza."

Mzee akafunga kila kitu, siku nne, miwani kwa pua. Siku ya tano akaweka betri, na mkono ukaenda wenyewe. Chanya kwa mwili, vile umekuwa ukienda tangu awe kijana. Altaneta ikatoa moshi mweupe, kidogo tu, kama mtu amepumua kwa baridi.

Akapiga simu. "Ogola, altaneta yako ni mbovu."

"Ulifunga betri aje?"

"Kama kawaida."

"Kawaida ya nani, mzee?"

Ogola alicheka mpaka simu ikakatika, halafu akatuma altaneta nyingine na gari ya maziwa. Hiyo ya pili mzee alifunga akisema kwa sauti, pole pole, waya kwa waya, kuku wakimsikiza. Lakini kuiwasha aliiacha mpaka Jumamosi, mbele ya Abby, kusiwe na maneno.

Kwa hivyo Abby alipomaliza ya mawingu, mzee akafuta mikono, akapanda kwa kiti.

Na akakaa hapo kidogo. Hicho kiti alikijua injini ikiwa inanguruma. Ikiwa imenyamaza hakuwahi kukikalia, hiyo ilikuwa saa ya Naliaka. Sasa akaona vile Naliaka alikuwa akiona: kifuniko cha rejeta, na nyuma yake mahali pa mtu wa kuzungusha, kichwa kikipanda kikishuka. Ila hapakuwa na kichwa.

"Imekataa?" Abby akauliza.

Akavuta choki kwa mkono mmoja, kwa wa pili akasukuma mkono wa gia mpaka mahali pa kuwashia stata. Stata ikalia mara moja. Injini ikakohoa, akaachilia choki, ikashika. Sindano ya kuonyesha chaji ikapanda. Basi. Hata jasho hakutoa.

Kiprugut alipiga makofi huko kwa ua. Abby hakupiga. Alikuja karibu, akashika mudigadi, akaongea juu ya kelele, na sauti ilikuwa imepoteza ule ukali wote.

"Umeshinda, Daddy. Kaa. Sitasema tena mambo ya Nakuru. Lakini kutoka kwangu mpaka hapa ni saa moja. Miezi hii yote nilikuwa nangoja tu uniite nije nikuvutie choki. Mbona hukuniita?"

Mzee aliangalia ile sindano; ile saa ya Naliaka hakuwa tayari kumpa mtu mwingine, hata binti yake. Halafu akashuka, upande ule ule aliokuwa akishukia Naliaka, akampita binti yake, akaenda chini kufungua mlango wa shamba, polepole, kofia mkononi, trekta ikinguruma huko nyuma bila mtu.